Nitajiandaaje kupanda mlima kwa baiskeli ilhali ninaishi tambarare?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Salaam nyingi. Nina umri wa miaka 46, uzito wangu ni kilo 75, na kwa miaka 6 sasa ninaendesha baiskeli ya barabarani mara tatu au nne kwa wiki katika eneo lililo bapa kama sinia. Mwinuko pekee tulio nao ni daraja linalopita juu ya reli, lenye upandaji wa urefu wa mita 300 hivi, ambalo nimelipanda mara nyingi hata nyufa za lami yake ninazijua moja moja. Huku tambarare sijihesabu kuwa dhaifu, kwa kuwa siku za mapumziko huendesha na wenzangu kilomita 80 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na sijawahi kuachwa nyuma.

Mwaka jana tulisafiri pamoja kwenda milimani, nami nikaaibika. Kilomita tatu za kwanza nilikuwa katikati ya kundi na nilijisikia vizuri kabisa. Kufikia kilomita ya tano gia zilikuwa zimeniishia: mnyororo ulikuwa kwenye meno 34 mbele na meno 28 nyuma, na kidole kiliendelea kubonyeza kikitafuta gia nyingine nyepesi zaidi ambayo haikuwapo. Pedali zilizunguka polepole mno, kila mkanyago ukawa kama kidato cha ngazi iliyojengewa majitu. Kiuno kilianza kuuma, kisha nikashuka na kuisukuma baiskeli, huku vyuma vya viatu vyangu vikigonga lami, na watu wenye vitambi kunishinda wakinipita wakiwa wamekaa vitini mwao kwa raha.

Nimejiandikisha tena. Baada ya wiki 16 kutakuwa na safari ya siku moja ya kilomita 95, yenye vilima viwili vya kawaida na kisha, baada ya kilomita 60, mlima wa kilomita 14 wenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8, ambao kilele chake kipo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo tunateremka hadi mwisho. Wenzangu wamenipa ushauri unaogongana. Mmoja anasema nikanyage gia nzito kila siku, nami nimefanya hivyo kwa wiki mbili na sasa magoti yananiuma upande wa mbele. Mwingine anasema nipunguze kilo 5. Wa tatu anasema kwamba asiyeishi mlimani kwa mwezi mzima asijisumbue. Naomba unieleze ni yupi kati yao nimsikilize, na nifanye nini hapa nilipo.

Wako,
Mwana wa Tambarare

JIBU

Ndugu Mwana wa Tambarare,

Pole kwa mlima ule, na pole zaidi kwa magoti. Kabla ya kugusa mazoezi, naomba tuupande tena mlima huo kwa hesabu, kwa sababu siamini kwamba kilichokushusha kitini ni udhaifu wa miguu. Wewe, baiskeli, maji na nguo mnafikia kilo 85 hivi. Kuupandisha mzigo huo kwenye mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa kunahitaji nguvu ya wati 200 hivi, na karibu zote huishia katika kuunyanyua uzito. Wati hizo hizo 200, kwenye barabara bapa isiyo na upepo, humpeleka mtu wa umbo lako kwa kilomita 32 hivi kwa saa akiwa peke yake. Wewe unakwenda 30, ingawa ni ndani ya kundi ambamo mgongo wa mwenzako unakukinga na upepo na kukupunguzia gharama kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo nguvu ya kuupanda mlima huo unaikaribia. Ulichokosa ni gia ya kuitumia nguvu hiyo, na uzoefu wa kuitoa kwa dakika 84 mfululizo bila kupumzika hata mara moja, kwani ndio muda ambao kilomita 14 huchukua kwa mwendo huo.

Nianze na gia, kwa kuwa hilo halihitaji jasho. Kwa meno 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli yako mita 2.5 hivi. Ukiwa unakwenda kilomita 10 kwa saa, miguu yako inazunguka mara 65 kwa dakika, jambo linalovumilika. Lakini ukichoka na mwendo ukashuka hadi kilomita 8, unabaki na mizunguko 52, na hapo kila mkanyago unageuka kazi ya kunyanyua chuma. Weka kaseti, yaani seti ya gia za gurudumu la nyuma, ambayo gia yake kubwa kabisa ina meno 34, na kwa kilomita 10 kwa saa utazungusha karibu mara 80, kasi ambayo miguu yako imeizoea huko tambarare. Mwulize fundi mapema kama kibadili gia cha nyuma ulicho nacho kinaweza kubeba kaseti ya ukubwa huo, na kama mnyororo utahitaji kurefushwa, maana baiskeli nyingi za barabarani zina kikomo chake. Wapo waendeshaji wanaoona haya kufunga gia nyepesi, kana kwamba meno ya nyuma yanahesabiwa mbele ya mashahidi. Haya hiyo ndiyo inayowafanya wasukume baiskeli.

Sasa tuje kwenye kutopumzika. Mtu wa tambarare hupumzika zaidi ya anavyodhani. Anapofika kona huacha kukanyaga, anapokaa nyuma ya mwenzake hulegeza mguu, anapokunywa maji baiskeli inaendelea kuserereka yenyewe kwa sababu ya kasi iliyokwisha kuikusanya. Mlimani kasi hiyo haipo. Ukiacha kukanyaga kwa sekunde mbili tatu, baiskeli inasimama. Jipime wiki hii: chagua barabara ndefu isiyo na vizuizi, uende peke yako, na uendeshe dakika 30 bila kuacha kusukuma pedali hata mara moja. Nadhani kufikia dakika ya kumi na mbili utakuwa umeshayakuta maumivu yale yale ya kiuno uliyoyapata mwaka jana, na hilo litakuthibitishia kwamba mlima ulikuwa umekuja kwako siku nyingi bila wewe kuutambua.

Zoezi hilo ndilo nguzo ya maandalizi yako. Mara moja kwa wiki, bila wenzako, pasha mwili moto kwa dakika 20, kisha endesha vipindi vitatu vya dakika 12 kwa juhudi ya mlimani, ukipumzika dakika 5 katikati. Juhudi ya mlimani ninayoisema ni ile ambayo unaweza kutamka sentensi fupi lakini huna hamu ya kuongeza ya pili. Ukiweza kusimulia kisa, umelegea, na ukishindwa kutaja jina lako, umezidisha. Kila wiki ongeza dakika mbili kwa kila kipindi hadi ufike vipindi vitatu vya dakika 20, na baada ya hapo uende kwenye viwili vya dakika 30. Kama una kipima nguvu au kipima mapigo ya moyo, kitumie kuhakikisha kwamba kipindi cha mwisho kinafanana na cha kwanza, kwa sababu kosa la wengi ni kuanza kwa pupa na kumalizia kwa kujikokota.

Barabara bapa inakupa pia msaada mwingine, nao ni upepo wa mbisho, ule unaokuvumia usoni. Siku unapovuma, usiinamishe mwili kuukwepa kama ulivyozoea. Kaa wima, shika sehemu ya juu ya usukani, fungua kifua, ujigeuze tanga. Utajikuta unakwenda kilomita 20 kwa saa kwa jasho la kilomita 30, na mkao wako utakuwa ule ule wa kupandia mlima, ambao unatumia makalio na misuli ya mgongo kwa namna tofauti na mkao wa kuinama. Namfahamu mwendeshaji mmoja ambaye huvaa koti pana la mvua siku za jua ili upepo umkamate vizuri zaidi. Watu humcheka, naye hapandi mlima vibaya.

Daraja lako nalo lina kazi yake, ila si hiyo unayoipa. Hata kama lina mwinuko wa asilimia 5, mita 300 zinakuinua mita 15 tu, wakati mlima wako una zaidi ya mita 1,100. Ungehitaji kulipanda zaidi ya mara 70, na kila baada ya dakika moja na kitu ungeteremka na kupumzika, kwa hiyo mwili usingejifunza kile tunachotaka ujifunze. Litumie badala yake kama darasa la kusimama. Kwenye mwinuko mrefu ni vizuri kusimama juu ya pedali kwa nusu dakika kila baada ya dakika tano hivi, ili mgongo unyooke na damu ifike makalioni. Kabla ya kusimama ongeza uzito wa gia kwa hatua moja au mbili, kisha inuka wakati mguu mmoja unaanza kushuka, si ukiwa umefika chini; ukiinuka vibaya baiskeli hurudi nyuma kidogo na kugusa gurudumu la anayekufuata. Fanya hivyo darajani mpaka uweze kuinuka na kukaa bila maji kutikisika chupani.

Mwenzako wa gia nzito hajakosea kabisa, amekosea kipimo. Kukanyaga polepole kwa gia nzito, mizunguko 50 hadi 60 kwa dakika, hufundisha miguu kusukuma pedali katika sehemu ile ya mzunguko ambayo kwenye tambarare hupitwa na kasi ya baiskeli. Lakini ni zoezi la siku moja kwa wiki, na kwako wewe ni zoezi la baadaye. Kwanza acha kabisa kwa wiki mbili. Wakati huo mwombe fundi au mwenzako mzoefu akuangalie kimo cha kiti, kwa maana kiti kilichoshushwa mno hulibana goti kwa mbele, na gia nzito huongeza tu mzigo juu ya kosa lililokuwapo. Maumivu yakiisha, anza na vipindi vinne vya dakika 5 ukiwa umekaa, ukipumzika dakika 5 kati yake, na usipande zaidi ya vipindi vitano vya dakika 8. Yakirudi, acha, yasipokwisha, nenda kwa daktari, kwani safu hii haina mikono ya kulishika goti lako.

Ikiwa unaweza kupata ile mashine ya ndani ambayo baiskeli hufungwa juu yake, itakusaidia kuliko daraja, kwa sababu humo hakuna kuserereka. Nina dokezo moja ambalo watu hulipuuza. Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha nyuma ni takribani mita moja, kwa hiyo ukiliinua gurudumu la mbele kwa sentimita 8 zaidi ya la nyuma, baiskeli inasimama katika mwinuko wa asilimia 8 barabara. Tafuta gogo au kigingi imara, kiweke chini ya gurudumu, na uendeshe saa nzima hivyo. Utagundua kwamba unateleza kuelekea nyuma ya kiti, kwamba mikono inavuta badala ya kuegemea, na kwamba pengine pua ya kiti inahitaji kuinamishwa kidogo sana. Ni afadhali kuyajua hayo chumbani kuliko kwenye kona ya kumi. Weka na feni mbele yako, kwa kuwa bila upepo joto litakushinda kabla ya miguu. Na jambo hilo pia lina somo, kwani mlimani kwa kilomita 10 kwa saa upepo wa kukupoza ni mdogo.

Siku ya mapumziko endelea na wenzako, ila mnaporudi, saa ya mwisho, toka mbele ya kundi na uendeshe dakika 20 hadi 30 kwa juhudi ya mlimani. Mlima wako unakuja baada ya kilomita 60, hivyo miguu ikutane nao ikiwa tayari imechoka. Kila wiki ya nne punguza muda wa mazoezi kwa theluthi moja hivi, na wiki mbili za mwisho upunguze hadi nusu, ukibakiza vipindi vifupi vyenye nguvu ili miguu isilale.

Kuhusu uzito, hesabu ni nyepesi. Kwa mzigo wa kilo 85 na safari ya dakika 84, kila kilo moja unayoitoa inakuokolea dakika moja hivi. Kilo 5 ni dakika 5, na si haba, lakini mtu anayejinyima chakula huku akiongeza mazoezi mara nyingi hupoteza zaidi ya hizo kwa uchovu na magonjwa. Ikipungua yenyewe kwa mazoezi, vema. Siku yenyewe kula wanga wa gramu 60 hivi kila saa tangu mwanzo wa safari, na umeze kipande cha mwisho kabla mlima haujaanza, maana ukishaanza kuhema kutafuna ni adhabu.

Yule wa tatu, anayesema lazima uishi mlimani, ningemjibu kwa Alpe d'Huez. Mlima huo wa Ufaransa una urefu wa kilomita 13.8, mwinuko wa wastani wa asilimia 8 na ushei, na kona 21. Kwa maneno mengine, ni pacha wa mlima wako. Kati ya 1976 na 1989 waendeshaji wa Uholanzi walishinda hatua za mashindano ya baiskeli ya Tour de France zilizomalizikia hapo mara 8, na Uholanzi ni nchi inayojulikana duniani kote kwa ubapa wake. Nakiri kwamba wale walikuwa watu wa kulipwa waliozunguka milimani msimu mzima, kwa hiyo mfano huo haumalizi mjadala. Lakini unatosha kumnyamazisha anayedai kwamba aliyezaliwa tambarare hana lake mlimani. Kuhusu hewa nyembamba, katika mita 1,800 utaihisi kidogo, nawe utalazimika kupunguza mwendo kidogo kadiri unavyokaribia kilele. Fuata pumzi yako, si namba ya kwenye kipimo.

Hata hivyo, kama una nauli ya safari moja tu ya milimani kabla ya siku yenyewe, itumie wiki tano au sita kabla, na uitumie zaidi kwa kuteremka. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na hapa ndipo tambarare inapokupunja kweli. Kwenye mteremko wa asilimia 8 baiskeli ikiachwa hupita kilomita 60 kwa saa bila wewe kukanyaga. Asiyezoea hushikilia breki mfululizo kwa hofu, na kama breki zake ni za kubana ringi, ringi hupata moto kiasi cha kuweza kupasua tairi. Breki hukazwa kwa nguvu kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, kisha huachiliwa. Ndani ya kona macho huangalia pale unapotaka kutokea, pedali ya upande wa nje huwa chini na ndiyo inayobeba uzito wako, na mikono hushika sehemu ya chini ya usukani. Haya mengine unaweza kuyaanza nyumbani kwenye uwanja mtupu, kwa kupanga chupa chache na kuzizunguka kwa kasi inayoongezeka, na kwa kujifunza kusimama ghafla huku ukisogeza makalio nyuma ya kiti.

Siku yenyewe ikifika, kilomita tatu za kwanza zitakuwa mtihani wako, kwani ndizo zilizokuponza mwaka jana. Milima mingi haigawi mwinuko wake sawasawa. Alpe d'Huez, kwa mfano, huanza na kilomita mbili za asilimia 10 hivi, kisha hulegea. Angalia mapema ramani ya mwinuko wa mlima wako, na popote inapozidi wastani kubali kwenda kilomita 8 kwa saa bila kuona vibaya. Wenzako watakuacha mita mia mbili, pengine mia tatu. Wewe jaribu ile sentensi fupi kila kona; ikitoka, endelea hivyo hivyo; isipotoka, weka gia nyepesi zaidi kwa hatua moja na uwaache waende.

Kileleni usikae ukipiga picha hadi jasho likupoe mwilini. Koti jepesi la kuzuia upepo liwe mfukoni mgongoni, ulivae na kulifunga hadi shingoni kabla hujaanza kuteremka, kisha ujaribu breki zote mbili ukiwa bado umesimama.

Wako,
Mshauri